Picha ya Ndege Juu ya Migomba

Kwenye kompyuta yangu kuna picha moja ambayo sijawahi kumwonyesha mtu yeyote nje ya ukoo, ingawa nadhani ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Ndege ndogo nyeupe imelala ubavu, bawa moja limeelekea chini kwenye migomba, na nyuma yake kilima cha kijani kimejaa picha nzima. Mbingu haionekani kabisa. Mtu asiyejua atasema mpiga picha alikuwa amepanda mlimani. Hapana. Nilikuwa nimesimama uani kwa Bibi, Nkwenda, wilayani Kyerwa, nimevaa kandambili.

Ilikuwa Desemba 2023. Aliyekuwa anaendesha ndege ile ni mdogo wangu. Ni mtoto wa baba mdogo, lakini kwetu huyo ni mdogo wako tu, mambo ya binamu tunawaachia wenyewe. Alikuwa amerudi nchini na leseni ya rubani binafsi, na saa kama tisini hivi kwenye kitabu chake cha safari. Ukoo mzima tulikuwa tumechanga kwa ajili ya leseni ile. Ng'ombe wameuzwa, kahawa imeuzwa, na mimi mwenyewe nilikatwa mshahara miezi minane kwa mkopo ambao mwajiri hakuambiwa ni wa nini. Kwa hiyo mnaweza kuelewa kwamba kumwona akiruka ilikuwa kama kumwona mbunge wetu akiapishwa.

Mtu mmoja wa Mwanza anayefahamiana na familia alimruhusu kuruka na Cessna yake ya viti vinne hadi Bukoba. Usiku akanipigia simu. "Kaka, Jumamosi nitakuwa na ndege Bukoba. Kutoka pale hadi nyumbani ni nusu saa tu. Niwapitie mnione?"

Nusu saa! Sisi tunaopita Kyaka, Kayanga na Omurushaka kwa gari tunajua safari hiyo inavyokula siku. Nikamjibu kwa maneno ambayo nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote: "Pita, lakini pita chini bwana. Ukipita juu sana kamera yangu haikufikii."

Ndivyo ilivyokuwa. Rubani alikuwa mgeni wa kazi yake, na aliyemwomba ashuke ni mimi, mwenye digrii.

Jumamosi ile maharage yalikuwa yameanikwa uani, watoto wamepangwa mstari kama wanamsubiri Mwenge. Mara ya kwanza alipita juu kiasi, akatikisa mabawa, watoto wakapiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Nikapiga picha tatu, zote mbaya: kidoa cheupe kwenye bluu. Nikamfanyia ishara kwa mkono, shuka, shuka, kana kwamba ananiona. Mara ya pili akatokea bondeni, chini kuliko paa la kanisa lililo kilimani, anakuja kwetu huku ardhi nayo ikipanda. Karibu na mwembe wa jirani akalaza bawa, akavuta pua juu kukwepa kilima. Sauti ya injini ikabadilika, ikawa kama ya lori lililozidiwa kwenye mlima wa Kyaka. Nikabonyeza. Kisha akapotea nyuma ya bega la kilima, na sauti ikakatika.

Kwa sekunde nne au tano hapakuwa na kitu. Watoto walinyamaza wenyewe bila kuambiwa.

Akatokea upande wa pili, juu, amenyooka, anaelekea Bukoba. Tukapiga makofi. Ndipo nikageuka nimwambie Bibi, na Bibi hakuwepo kwenye kiti chake.

Tulimkuta ndani ya shamba la migomba, amelala kifudifudi, amemfunika mjukuu wake wa miaka mitatu kwa mwili wake. Goti lilikuwa limechanika kwenye jiwe. Mtoto alikuwa analia, Bibi halii. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Imekwenda?"

Kwa wale ambao hawajui, Bibi hakuolewa Nkwenda. Mwaka 1978 alikuwa karibu na Kyaka, upande wa mto Kagera ambao majeshi ya Idi Amin yaliuvamia mwezi Oktoba. Ndege za Uganda zilikuja kulipua eneo lile na Bukoba mjini, na daraja la Kyaka likaja kuvunjwa na wavamizi mwanzoni mwa Novemba. Bibi alikimbia na baba yangu mgongoni, ana umri wa mwaka mmoja. Familia ilihamia huku baada ya vita. Miaka arobaini na tano ilikuwa imepita, lakini mwili wake bado ulijua maana ya injini inayokuja chini: unaingia kwenye migomba na unamlalia mtoto. Nilikuwa nimesoma habari za vita hiyo shuleni na chuoni, nikaziandikia hata insha. Sikuwahi kufikiri kwamba ndege ya mjukuu na ndege ya adui zinasikika sawa ukiwa chini yake.

Jioni mdogo wangu akapiga simu. Nilitegemea aulize picha imetokaje. Akakaa kimya, halafu akasema polepole: "Kaka, honi ililia."

Nikauliza honi gani. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza nilichomwomba mdogo wangu afanye.

Bawa la ndege linabeba kwa sababu hewa inapita juu yake kwa mpangilio. Ukiinua pua kupita kiasi, hewa inaachia mgongo wa bawa, na bawa linaacha kubeba. Hali hiyo marubani wanaiita stoli. Haihusiani na injini kuzimika, injini inaweza kuwa inanguruma vizuri kabisa. Cessna ile ikiwa imenyooka inaingia kwenye stoli ikishuka hadi kilomita 90 hivi kwa saa, na kabla haijafika hapo kuna kifaa kidogo kwenye bawa kinacholia kama filimbi ya mtoto. Hiyo ndiyo honi.

Sasa ukilaza ndege kwenye kona, mambo yanabadilika. Ukiilaza nyuzi 60 huku unataka isishuke, bawa linatakiwa kubeba uzito mara mbili, na mwendo wa kuingia kwenye stoli unapanda kwa asilimia 41. Ile 90 inakuwa karibu 127. Ukiilaza nyuzi 75, mwendo huo unakaribia kuwa maradufu. Rubani anaangalia kipimo, anaona mwendo ule ule ambao jana ulikuwa salama, na leo unamuua kwa sababu tu ya kona. Na anapoona kilima kinakuja, mkono wake wenyewe unamsaliti: unavuta usukani nyuma zaidi. Kuvuta ndiko kunakoleta stoli. Kujiokoa ni kusukuma mbele, yaani kuelekeza pua kwenye ardhi unayoikimbia. Nani atafanya hivyo akiwa na saa tisini tu za kuruka na mita thelathini chini yake?

Mita zenyewe ndizo kila kitu. Ndege ndogo ya aina ile ikiingia kwenye stoli huku imepinda, inaweza kuanza kuzunguka kama pia. Mzunguko mmoja pamoja na kuitoa humo unakula kama mita 300 za kimo. Mdogo wangu hakuwa nazo. Kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa ndege inakwenda mita 55 kila sekunde, kwa hiyo sekunde mbili za kushangaa ni zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira.

Na Karagwe na Kyerwa si Dar es Salaam. Milima yetu mingi iko mita 1,500, 1,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Kwa vipimo vya kawaida, hewa ya kimo hicho ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, na kukiwa na joto la mchana inazidi kuwa nyepesi. Injini ya kawaida inapumua hewa hiyo hiyo, kwa hiyo inachoka mapema. Bawa nalo linahitaji mwendo zaidi, na kona inakuwa pana. Halafu kuna macho. Ardhi inayopanda taratibu kama ile ya bonde letu inaonekana tambarare ukiwa juu yake, rubani anadhani ameshikilia kimo kumbe ardhi inamfuata. Mdogo wangu aliniambia hakuona kilima "kikikua" mpaka alipotoa macho kwetu. Alikuwa anatutafuta sisi. Alikuwa anatafuta shati langu jekundu, maana nilimwambia nitavaa jekundu ili aone nyumba.

Baada ya hapo nikaanza kusoma. Mwandishi akiogopa anatafuta mwingine aliyekosea kama yeye, ili asiwe peke yake.

Nikampata Mwingereza Douglas Bader. Desemba 14, 1931 alikuwa na miaka 21, rubani wa jeshi la anga, na si rubani wa ovyo: mwaka huo huo alikuwa ameonyesha sarakasi za angani kwenye maonyesho ya Hendon mbele ya umati. Kikosi chake kilikuwa kimepigwa marufuku kufanya sarakasi chini ya futi 2,000, na wenzake wawili walikuwa wameshakufa kwa mchezo huo. Siku ile kwenye uwanja wa Woodley watu wakamchokoza, waliokuwa chini. Akaruka, akaibingirisha ndege karibu kabisa na nyasi. Bawa likagusa. Alipoteza miguu yote miwili. Baadaye alirudi angani na miguu ya bandia, akawa shujaa wa vita, na hadithi yake inasimuliwa zaidi kwa sehemu hiyo ya pili. Mimi niliganda kwenye ya kwanza. Ndege aliyokuwa nayo, Bulldog, ilikuwa nzito kuliko Gamecock aliyoizoea kwenye maonyesho. Uzoefu alikuwa nao, lakini wa ndege nyingine. Na waliomchokoza hakuna anayekumbuka majina yao. Nimefikiria sana kuhusu hao.

Mwaka huo huo wa 1931, Mei 14, jirani zetu wa Kenya walishuhudia mwisho wa Denys Finch Hatton, yule mwindaji rafiki wa Karen Blixen. Alikuwa ameleta ndege yake ndogo aina ya Gipsy Moth Kenya mwaka uliotangulia tu. Iliruka pale Voi, ikazunguka, ikaanguka na kuwaka moto. Alikufa yeye pamoja na Mkikuyu aliyekuwa akimfanyia kazi, Kamau, ambaye vitabu vingi vinampa nusu sentensi. Sisemi ilikuwa sarakasi. Nasema ilikuwa chini, na chini hakuna nafasi ya kurekebisha.

Hapa kwetu kuna kaburi ambalo watalii wanapigia picha, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Ni la Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyekuwa na baba yake, Bernhard, wakihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege iliyopakwa mistari ya pundamilia. Ukitaka kuhesabu nyumbu lazima ushuke. Januari 10, 1959 alikuwa peke yake, akagongana na tai. Alikuwa na miaka 24. Tai mmoja! Juu, tai angemharibia siku. Chini, alimharibia kila kitu. Na huku Kagera tuna korongo na tai wa kutosha, na siku hizi kuna minara ya simu juu ya kila kilima chenye jina, na nyaya za umeme zilizovuka mabonde ambayo mdogo wangu akiwa mtoto yalikuwa matupu. Ramani iliyo kichwani mwake ilikuwa ya utotoni.

Kuna kitu kingine ambacho watu wa chini hatukioni: mwili wenyewe. Agosti 1, 1982, wakati wa jaribio la mapinduzi Kenya, marubani wa ndege za kivita walilazimishwa kwa bunduki kwenda kulipua Nairobi, na mmoja wa waasi akakaa kiti cha nyuma kuwalinda. Meja David Mutua alijua kwamba jamaa hajazoea misukosuko ya angani. Akaifanyia ndege vituko mpaka mlinzi akawa hajielewi, na mabomu yakaenda kutupwa msitu wa Mlima Kenya. Tunaisimulia kama hadithi ya ujanja, na ni ujanja kweli. Lakini fikiria upande wa pili: mkao ule ule uliomlevya mtu mwenye bunduki, rubani mchanga anajitia mwenyewe, bila mtu kumlazimisha, na hapo hapo anatakiwa kuendesha.

Wanaofanya sarakasi kama kazi hawaanzi chini. Wanaanzia juu, futi elfu tatu na zaidi, wakiwa na mwalimu, na wanateremshwa kwa miaka. Marekani rubani wa maonyesho anapewa kibali cha ngazi: kwanza asishuke chini ya futi 800, kisha 500, kisha 250, na wachache tu ndio wanaruhusiwa kugusa nyasi. Sisi wengine wote kuna sheria ya kawaida ya kimataifa, ambayo hata mamlaka yetu ya usafiri wa anga, TCAA, inaifuata: nje ya miji usipungue futi 500 isipokuwa unapaa au unatua, na juu ya makazi ya watu wengi futi 1,000 kutoka kwenye kizuizi kirefu zaidi. Mdogo wangu aliijua sheria hiyo. Alikuwa ameifanyia mtihani na kufaulu. Mwalimu mmoja wa Marekani, Paul Craig, aliandika kitabu kizima kuhusu marubani walio kati ya saa 50 na 350, akisema hapo ndipo wengi wanapofia, maana woga umeondoka na ujuzi haujafika. Wapo waliobishana na hesabu zake. Mimi sibishani, namjua mmoja mwenye saa tisini.

Najua kuna mdau atasema mbona mwandishi hukuripoti. Swali zuri. Novemba 6, 2022, ile Jumapili ndege ya Precision Air ilipoingia ziwani Bukoba ikiwa na watu 43, nilikuwa chumba cha habari Dar, nikipokea simu za ndugu kuliko za wahariri. Watu 19 walikufa. Haikuwa sarakasi, ilikuwa safari ya abiria kwenye hali mbaya ya hewa, na siifananishi. Ila nakumbuka nilivyokuwa mkali wiki ile. Niliandika maswali makali kuhusu uwajibikaji, nikataka majina. Mwaka mmoja baadaye uvunjaji wa sheria ulifanyika juu ya kichwa changu, kwa ombi langu, na kalamu ikawa nzito. Mdogo wangu alikwenda mwenyewe kwa mwenye ndege akamweleza kila kitu. Funguo akanyang'anywa. Mimi sikwenda kwa mtu yeyote. Nilimwomba Bibi msamaha, akanijibu kwa Kinyambo maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama kusema mtoto akililia wembe, aliyempa ndiye wa kuulizwa.

Desemba 2024 mdogo wangu alikuja kwa basi. Alishuka Nkwenda vumbi mpaka kope, na Bibi alimkagua kama anahesabu viungo. Hakuna aliyetaja ndege. Usiku, watu wamelala, akaniambia: "Kaka, ile picha bado unayo?"

Nikafungua kompyuta. Hakuangalia uzuri wake. Alichukua karatasi akaiweka kwenye kioo, akapima urefu wa mabawa, akasema mabawa ya ile ndege ni mita 11. Kisha akapima kutoka ncha ya bawa la chini hadi mgomba wa kwanza. Akapima tena. Nikamwambia picha inadanganya, lenzi inasogeza vitu, hatuwezi kujua kwa uhakika. Akaitikia kwa kichwa. Hakuniambia namba aliyoipata, na karatasi akaikunja akaitia mfukoni.

Asubuhi nilimkuta uani na Bibi, wamekaa na ungo katikati yao, wanachambua senene.